Valvu kubwa au risasi inayoenea mtutu? Jibu kwa mwenye bunduki ya upepo ya kaliba .457

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Moshi, mwaka wa sita sasa niko Texas, nje kidogo ya San Antonio. Nimenunua kwa mtu bunduki ya upepo, AirForce Texan kaliba .457. Napiga nguruwe mwitu kwenye shamba la mwajiri wangu kwa ruhusa yake, na msimu ujao nataka kujaribu kulungu wa huku. Rafiki aliniazima kipima mwendo. Nilijaza hewa hadi psi 3,000 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha shinikizo) nikapiga risasi tano za greni 350 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Zilitoka kwa futi 735, 748, 741, 716 na 668 kwa sekunde, na geji ikabaki 1,800. Kwenye yadi 50 matundu yametawanyika inchi 5. Risasi hizo ni za madini magumu, kipenyo .458, zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki za baruti za .45-70. Nina pia boksi la .452 za bastola. Hizo zinakwenda zinakotaka. Watu wananishauri niweke valvu kubwa, chupa ya hewa ya nyuzi za kaboni na springi ngumu, mwingine anasema nijaze tu hadi 3,500. Nina dola 600. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniletea namba, na hilo peke yake limenifurahisha, maana wengi huniletea picha ya bunduki wakaniuliza kama ni nzuri. Basi nitakujibu kwa namba zako mwenyewe. Hizo dola 600 usiziguse bado. Nguvu unayo tayari. Unachokosa ni risasi inayoenea kwenye mtutu wako, yaani inayoukaa sawasawa bila kupwaya.

Tuanze na nguvu, kwa kuwa ndiyo inayokutoa jasho. Hesabu yake huku Marekani ni hii: chukua mwendo wa risasi kwa futi kwa sekunde, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa uzito wa risasi kwa greni, kisha gawa kwa 450,240. Unapata futi-pauni, kipimo cha nguvu ya risasi. Risasi yako ya pili, ile ya 748, ina 435. Ya tano, iliyochoka kuliko zote, ina 347. Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas inataka hivi kwa kulungu: bunduki iwe ya kujazwa hewa kabla, kaliba isipungue .30, na risasi iwe na angalau greni 150 ikitoka kwa futi 800 kwa sekunde, au uzito na mwendo wowote vinavyofikisha futi-pauni 215. Kwa hiyo hata risasi yako ya mwisho imeruka kiunzi hicho na kubakiza nafasi kubwa. Nguruwe mwitu ndio kabisa: tangu Septemba 2019, kwenye shamba la mtu binafsi mwenyewe akikuruhusu, huhitaji hata leseni ya kuwinda. Ya kulungu unaihitaji, na usome kijitabu cha msimu husika kabla hujapakia gari.

Sasa zitazame zile namba tano tena. Risasi ya kwanza, yenye hewa nyingi kuliko zote nyuma yake, haikuwa ya kasi kuliko zote. Ya pili imeipita kwa futi 13. Umewahi kujiuliza kwa nini?

Ndani ya bunduki hii hakuna muujiza. Kuna tangi la hewa, sentimita za ujazo 490, na mlango mmoja mdogo ambao ni valvu. Hewa yenyewe ndiyo inayousukuma huo mlango ufungike. Ukivuta kifyatulio, nyundo inasukumwa na springi, inaugonga mlango, unafunguka kwa muda mfupi sana, hewa inapita, kisha shinikizo linaufunga tena. Sasa ukijaza hewa zaidi, mlango unashikwa kwa nguvu zaidi. Nyundo ni ileile, pigo ni lilelile, lakini mlango unafunguka kidogo na kufunga haraka. Hewa ina shinikizo kubwa lakini inapita kidogo. Risasi ya pili ilikuta shinikizo limeshuka kidogo, mlango ukafunguka vizuri zaidi, mwendo ukapanda. Ya tatu bado iko palepale. Ya nne na ya tano hewa yenyewe imeshapungua, hapo hata mlango ukae wazi hausaidii.

Kwa hiyo yule anayekwambia ujaze hadi 3,500 anakuelekeza kwenye vitu viwili kwa mkupuo: risasi ya kwanza itakayotoka polepole kuliko sasa, na tangi lililopitishwa kiwango lilichotengenezewa. Tangi lako la aluminiamu limeandikwa 3,000. Limeandikwa na watu walioligharimia kulipima. Mimi nimefanya kazi ya kompresa tangu nikiwa Tanga, sasa ni Houston, na kitu kimoja sijawahi kukizoea ni mtu anayeliona namba hilo kama pendekezo.

Kinachofuata kutoka kwenye namba zako ni kizuri: una risasi tatu zilizokaa ndani ya futi 13. Huo ndio uwanja wako. Piga tatu, jaza tena. Kati ya ile ya kasi zaidi na ile ya tano kuna futi 80, na kwa risasi ya aina hii tofauti hiyo pekee inashusha tundu takriban inchi 2 kwenye yadi 50, na zaidi ya inchi 8 kwenye yadi 100. Katika zile inchi 5 zako, karibu 2 zilikuwa za hewa iliyoisha. Umeshapunguza mtawanyiko bila kununua kitu.

Zilizobaki ni za risasi, na hapa ndipo nataka ukae chini unisikilize.

Kiswahili chetu kinaita risasi kwa jina la madini yenyewe, na kwa bunduki ya upepo jina hilo ni la kweli kuliko kwa bunduki nyingine yoyote. Bunduki ya baruti inasukuma kwa makumi ya maelfu ya psi. Shinikizo hilo linaiminya risasi kwa nyuma, inatanuka, inajaza michirizi ya ndani ya mtutu hata kama ilikuwa nyembamba kidogo. Wewe una 3,000 tu. Madini ya risasi safi kabisa, yasiyochanganywa na bati wala antimoni, yana ugumu wa karibu 5 kwenye kipimo cha Brinell, na kwa kanuni ya wanaomwaga risasi wenyewe kwenye kalibu yanahitaji takriban psi 7,000 ili yaanze kutanuka. Huna. Hata risasi laini kuliko zote haitatanuka ndani ya mtutu wako, sembuse hizo ngumu za .45-70. Ikiingia nyembamba, itatoka nyembamba, hewa ikiipita pembeni na yenyewe ikiyumba njia nzima. Ndiyo maana zile .452 zinakwenda zinakotaka. Zimepungua tano za elfu ya inchi. Kwa seremala hiyo si kitu, kwa mtutu ni shimo. Mpe mwenye bastola.

Basi kitu cha kwanza cha kufanya hakina uhusiano na valvu. Toa hewa yote. Toa kabisa, hakikisha hakuna kitu ndani ya mtutu. Chukua kipande cha madini safi ya risasi kinachozidi kidogo tundu la mtutu, kipake mafuta, kiingize mdomoni mwa mtutu kwa kugonga polepole na nyundo ya mbao, kisha kisukume hadi upande wa pili kwa fimbo ya shaba au ya mbao ngumu. Usitumie chuma. Kikitoka kitakuwa na alama ya michirizi yote kama mhuri. Kipime kwa maikromita, siyo kwa kalipa ya plastiki ya dola kumi, mahali palipo pana zaidi. Mkono wako pia utakwambia habari: kama kipande kilikuwa kinapita kwa ulaini kisha kikakaza ghafla sehemu moja, mtutu una mahali pembamba. Kama kilikaza tu pale nyuma, karibu na tundu la kuingizia hewa, huenda kuna ukwaruzo wa chuma umeachwa pale.

Hilo la mwisho nalijua kwa machungu. Miaka ya nyuma nilikuwa na bunduki ya .357, nikaambiwa nitanue tundu la hewa kwa drili ndogo. Nikatanua. Mwendo ukapanda futi 20, nikashangilia kama Simba imefunga dakika ya tisini. Wiki nzima baadaye risasi zinasambaa kama mtama wa kuku. Nilikuja kuona kwamba kila risasi ilikuwa inachanwa mfereji ubavuni na kijiwembe cha chuma nilichokiacha mwenyewe. Nililisugua tundu lile kwa uzi wa pamba na unga wa kung'arishia jioni tatu ndipo likakaa sawa.

Ukishajua kipimo cha michirizi, tafuta risasi laini yenye kipenyo sawa au kilichozidi kwa moja ya elfu ya inchi, si zaidi. Kama mtutu wako ni .457 kamili, ile .458 yako kwa kipenyo ilikuwa sahihi, kosa lake ni ugumu tu: inasuguana, inakula mwendo, na hailali vizuri kwenye michirizi kwa msukumo mdogo ulio nao. Nunua za aina tatu, boksi dogo kila moja: moja nyepesi kidogo kuliko 350, moja yenye uzito huohuo, moja ya greni 400 na ushee. Usishangae ile nzito ikiwa na mwendo mdogo lakini futi-pauni zilezile au zaidi. Risasi nzito inachelewa kutoka, hewa inapata muda wa kufanya kazi badala ya kuifuata nje kama kelele. Kuhusu umbo, zile ndefu zenye ncha ni nzuri kwa macho, ila ndefu huhitaji mzunguko mkali zaidi wa michirizi. Kipimo chake ni rahisi: tundu kwenye karatasi likiwa duaradufu badala ya duara, risasi inatembea kiubavu. Achana nayo hata kama ulilipia dola 50.

Na zipime uzito moja moja. Mizani ya greni ni dola 30. Risasi za kumwagwa kwenye kalibu hazilingani, na hizo zenye uwazi wa hewa ndani huzioni kwa jicho.

Siku ya kupima yenyewe, fanya hivi. Jaza hewa, kisha ngoja. Hewa ikiminywa inapata joto, na geji inakudanganya. Ikiwa ndani imefika nyuzi 50 halafu ikapoa hadi 25, ile 3,000 uliyoiona inakuwa karibu 2,770. Ngoja robo saa, ongeza kilichopungua, ndipo upige. Joto hilohilo linafanya kazi kinyume pia: tangi lililojazwa 3,000 kwenye kiyoyozi kwa nyuzi 25, ukaliacha kwenye gari juani Agosti ya Texas likafika 60, lina 3,350 bila mtu kugusa pampu. Bunduki iliyojaa haikai garini.

Weka begi la mchanga mbele na nyuma. Piga tatu, andika mwendo wa kila moja na geji kabla na baada, jaza tena, piga tatu nyingine kwenye karatasi nyingine. Kila aina ya risasi ipate karatasi tatu. Karatasi moja ni bahati, tatu zinaanza kuwa ushahidi. Ukimaliza kupiga usiinue kichwa haraka: risasi yako hukaa ndani ya mtutu wa inchi 34 kiasi cha sehemu sita za elfu ya sekunde, muda mrefu kuliko ya baruti, na ukijitikisa inakwenda na wewe. Na nyuma ya shabaha pawe na kilima cha udongo. Neno upepo linadanganya watu. Futi-pauni 430 zinazidi zile za bastola nyingi za polisi. Nchini Uingereza bunduki ya upepo ikizidi futi-pauni 12 tu inatakiwa cheti kama silaha ya moto.

Nguvu hizi wala si za jana. Mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kubeba bunduki ya upepo ya Bartholomäus Girardoni, kaliba karibu na yako, tangi lake ndilo kitako chenyewe, na kulijaza kulihitaji mapigo ya pampu takriban 1,500. Lewis na Clark waliibeba moja walipovuka bara la Marekani kuanzia 1804. Ukichoka kupampu, wakumbuke wale askari.

Sasa tuje kwenye hayo maboresho, kwa sababu najua hata baada ya yote haya utayataka.

Chukua eneo la tundu la mtutu wako, inchi za mraba 0.164. Zidisha kwa psi 3,000, unapata pauni 492 zinazoisukuma risasi. Zidisha kwa urefu wa mtutu, futi 2.83. Jibu ni karibu futi-pauni 1,390. Hicho ndicho kingepatikana kama shinikizo lisingeshuka hata kidogo tangu mwanzo hadi mwisho wa mtutu. Wewe unapata 435, yaani asilimia 31. Valvu kubwa inachofanya ni kuruhusu hewa zaidi ipite mapema, asilimia hiyo ipande. Chupa ya kaboni inapandisha shinikizo lenyewe kwa usalama, kwa kuwa imetengenezewa hivyo. Springi ngumu inaufungua mlango kwa nguvu, na hapo utaiona risasi yako ya kwanza ikiwa ndiyo ya kasi kuliko zote, kisha ya pili na ya tatu zikishuka kama ngazi. Umenunua futi 40 au 50 kwa sekunde, umelipa kwa kupoteza zile tatu zilizolingana, na kila pigo linakula hewa zaidi. Nguruwe wa yadi 40 hatajua tofauti.

Kama ni lazima, nunua seti ya chupa ya kaboni na valvu yake kutoka kwa watengenezaji wenyewe, wako palepale Fort Worth, na uiweke kama ilivyo. Usichanganye chupa ya huyu na valvu ya yule. Usitoboe, usitanue, usichonge kitu chochote kinachobeba shinikizo. Badilisha kitu kimoja, rudia karatasi tatu, andika, ndipo ufikirie cha pili. Na kizibo cha kupunguza sauti usijichongee gereji: kikiwa kinaweza kufungwa kwenye bunduki ya baruti, umeingia kwenye sheria nyingine kabisa ya serikali kuu.

Kwangu mimi dola zako zingeenda kwenye mtungi wa kujazia bunduki hewa. Wa kaboni, lita 6.8, unaojazwa hadi psi 4,500. Kila ukipiga risasi zako tatu unatumia hewa ya kama lita 24, kwa hiyo mtungi mmoja unakupa zaidi ya mara 20 za kurudi 3,000 kamili. Mtungi wa wapiga mbizi wa 3,000 unakupa karibu kamili mara ya kwanza tu, zinazofuata zinapungua. Wa mkono wa pili utakaa ndani ya bajeti yako, ila geuza shingo usome tarehe: mitungi hii hupimwa kwa maji kila baada ya miaka mitano, na ya kaboni huwa na umri wa miaka 15, baada ya hapo hakuna duka la heshima litakaloujaza.

Jaza hewa safi iliyokaushwa. Naitrojeni pia ni sawa. Oksijeni kamwe, hata kidogo, hata mtu akikupa bure kutoka karakana ya kuchomelea. Ikikutana na grisi kwenye shinikizo hilo inawaka. Kwa sababu hiyohiyo, oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa, zipakwe grisi safi ya silikoni, si ya petroli wala WD-40. Ukishafungua chochote na kukirudishia, jaza hadi 1,000 kwanza, paka maji ya sabuni, ngoja, kisha panda. Soma geji ikishapoa, iache usiku kucha, asubuhi isome tena kwenye ubaridi uleule.

Mwisho, kuhusu nguruwe. Bunduki ikirekebishwa kwa yadi 50, kwenye 100 itakuwa chini kwa kama inchi 16. Ukikosea umbali kwa yadi kumi kule mbali, umemjeruhi mnyama. Kaa ndani ya 50, lenga nyuma ya sikio au chini begani, kwa kuwa dume mkubwa ana gamba la ngozi ngumu juu ya mabega. Mimi nyama yake siigusi, nimekulia Tanga na mama yangu angefufuka, lakini kufa haraka ni haki ya mnyama yeyote.

Kasukume hicho kipande cha risasi kwenye mtutu wiki hii. Niandikie kipimo cha maikromita, na mahali kilipokaza kama kilikaza, ndipo nitakutajia risasi za kununua.